Kabla karafuu hazijawiva: maandalizi ya mwenye kipandauso

Kwetu Wete, Pemba, mwenye kipandauso haogopi kitu kama msimu wa karafuu. Kuanzia kiasi cha Julai majamvi hutandikwa uani na kando ya barabara, na harufu inaingia mpaka kwenye foronya. Wageni huipenda. Mimi kichwa hunianzia nyuma ya jicho la kushoto, kikapanda kwenye kipaji, na ikifika adhuhuri nimejifunika kanga gubigubi, sitaki mwanga, sitaki kuitwa, ndoo ya kutapikia iko chini ya kitanda.

Kwa miaka niliilaumu harufu peke yake, nikaionea. Msimu huja na mambo yote kwa mkupuo: unatoka alfajiri hujatia kitu tumboni, mchana kutwa uko juani unageuza karafuu zisije zikaharibika zikawa mpeta, usiku unachambua makonyo, vile vijiti vya karafuu, mpaka saa sita, maji unakunywa ukikumbuka. Kila kimoja katika hivyo kinaweza kuamsha kipandauso. Vikikutana vitatu, umeshalala. Kwa hiyo mimi naanza kujitayarisha Mei.

La kwanza ni daftari la skuli, lile la kurasa arubaini linatosha. Kila kichwa kikiuma naandika siku na saa, nililala saa ngapi, nilikula nini na lini, hedhi iko wapi, nini nilikinusa. Hedhi usiiache: wanawake hupata maradhi haya kiasi cha mara tatu kuliko wanaume, na homoni zina mkono wake. Daftari langu ndilo lililonifichulia kwamba udi wa Ijumaa unaniumiza kuliko karafuu. Tangu hapo nyumbani kwangu hufukizwa nguo tu, tena nje.

Chakula ndicho chenye faida kubwa na ndicho kinachodharauliwa. Kabla ya kutoka, kula, hata kama ni muhogo wa jana na chai. Mchicha, kunde, korosho na mbegu za maboga zina magnesi, madini ambayo wengi wenye kipandauso husaidika nayo, ila si kwa siku mbili. Hesabu miezi kama mitatu. Vidonge vyake vipo madukani, lakini mwenye maradhi ya figo asiviguse bila ya daktari, na vikizidi huharisha. Maji tia kwenye chupa yako mwenyewe ujue umekunywa kiasi gani. Dafu ni zuri, haliondoi haja ya maji.

Usingizi nao una ubishi wake. Kulala mchana kutwa Jumapili kufidia wiki nzima ya kukesha kunaweza kukuletea kichwa kilekile ulichokikimbia. Afadhali kulala na kuamka saa zisizobadilika sana, na kazi ya kuchambua igawanywe na wengine ndani ya nyumba. Na kahawa, jamani: kama kawaida yako ni vikombe viwili barazani, usinywe saba wakati wa kambi ya kuchuma karafuu halafu uache ghafla. Kuikata kahawa kwenyewe kunaumiza kichwa, siku ileile au ya pili yake.

Sasa dawa za jikoni. Tangawizi naiamini, na naiamini kwa kiasi chake. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa Iran uliowagawa watu 100 wenye kipandauso, baadhi wakapewa sumatriptani, dawa inayotumika hospitali, na wengine miligramu 250 za unga wa tangawizi. Baada ya saa mbili nafuu yao ilikaribiana. Lakini Brazili walipowapa watu tangawizi kila siku kwa miezi mitatu ili kuzuia, haikushinda kidonge bandia kisicho na dawa ndani. Basi ni ya kuwahi kichwa kikianza, na hutuliza kichefuchefu pia. Mimi huikata vipande vyembamba, nikaianika chini ya kawa siku za jua kali mpaka ikivunjwa inalia, nikaitwanga na kuichekecha, nikaitia kwenye kopo la maziwa. Moja ya nane ya kijiko cha chai ndiyo karibu na kipimo kile. Anayetumia dawa za kuzuia damu isigande aulize kwanza. Lazima itwangwe kabla, maana kichwa kikishapanda, mlio wa mchi tu ni adhabu.

Kitambaa cha maji baridi kwenye paji na shingoni hakina gharama. Chagua mapema chumba chenye giza, weka pazia zito. Mchaichai kunywa ukiupenda, unakupa maji na utulivu. Mafuta ya karafuu ndiyo ninayoyaonya zaidi, najua hapa Pemba nitachukiwa. Ni makali, yanaunguza ngozi yasipochanganywa na mafuta ya nazi, na mtoto akiyanywa yanaweza kuliua ini lake. Kwa mtu anayeumizwa na harufu, kumpaka karafuu kwenye paji ni kumwongezea.

Vidonge vya maumivu navyo vihesabiwe kwenye daftari. Parasetamoli au ibuprofeni ikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi ikifuatana, dawa yenyewe hugeuka chanzo cha kichwa. Mjamzito asimeze ibuprofeni bila ya kuuliza.

Wachumaji wana jambo lao. Baadhi ya watu kabla ya kichwa huona vimulimuli au mistari inayocheza, kwa dakika 5 mpaka 60, au mkono unakufa ganzi. Shemeji yangu alianza kuona hivyo akiwa juu ya mkarafuu, upande mmoja wa pakacha umepotea machoni, akashuka halijajaa. Wenzake walimcheka. Mimi sikucheka. Mwanamke anayeona vimulimuli hivyo amwambie muuguzi kabla ya kupewa vidonge vya uzazi wa mpango, kwa sababu vile vyenye estrojeni humuongezea hatari ya kiharusi.

Wako wanaokwenda kuumikwa, yaani hijama, na wako wanaosomewa. Kusomewa hakuna ubaya, ila presha ipimwe pia. Ukienda kwenye hijama, angalia kiwembe kinafunguliwa mbele yako, na kama una upungufu wa damu, acha.

Na nyumbani wajue mapema kichwa gani si kipandauso: kilichokuja ghafla kama pigo, chenye homa na shingo ngumu, chenye uso kupinda au ulimi mzito, kilichofuata kuanguka mtini, cha mjamzito mwenye miguu iliyovimba na macho yenye kiwi, au cha kwanza maishani baada ya miaka 50. Hivyo usingojee tangawizi, tafuta gari. Mimi nauli yake huikunja ndani ya lile daftari, juu ya kabati, karibu na kopo. Wanangu wameonyeshwa.