Kupima msomaji anavyoelewa kejeli na maneno ya idadi: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kompyuta ndogo na programu ya bure ya PsychoPy zinatosha. Msomaji anabonyeza kitufe, neno moja linafunguka, lililotangulia linafichwa, na mashine inaandika milisekunde alizokaa kwenye kila neno. Kinachopimwa ni muda tu, si ubongo wenyewe. Lakini akikawia mahali, hapo pana kazi.

Hatua ya 1: Sentensi za idadi

Usitafsiri za Kiingereza. Kule neno la idadi hutangulia nomino. Kwetu hufuata (wakulima wengi), isipokuwa “kila” na “baadhi ya”. Luganda nayo husema “abantu bangi” lakini “buli muntu”. Andika sentensi 24, kila moja kwa sura nne:

Wakulima wengi/wachache wa Masaka hulima kahawa/ngano katika mashamba yao madogo.

Masaka, Uganda, ni eneo la kahawa, si la ngano. Linganisha muda wa “kahawa” baada ya “wengi” na muda wake baada ya “wachache”, na “ngano” vivyo hivyo. Usilinganishe “wengi” na “wachache” moja kwa moja: herufi 5 dhidi ya 8, na neno refu husomwa polepole hata kama halina ugumu. Maneno ya mkiani yaache, kwa sababu ugumu mara nyingi hujitokeza neno moja au mawili baadaye.

Hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema. Mwaka 2010 Thomas Urbach na Marta Kutas walipima mawimbi ya ubongo kwa sentensi za namna hii za Kiingereza. Baada ya neno la “wachache”, ubongo haukugeuza matarajio yake kikamilifu papo hapo, ingawa wasomaji walipoulizwa walihukumu vizuri. Kwa hiyo weka swali la “kweli au si kweli” baada ya sentensi. Muda wa kusoma na jibu ni vipimo viwili tofauti.

Hatua ya 2: Kejeli

Hadithi 24, kila moja na mianzo miwili, kauli ya mwisho ileile herufi kwa herufi:

Boda imezimika mara tatu kati ya Wandegeya na Ntinda. / Boda imepanda mlima wa Kololo bila kukohoa.
Abiria akasema: Pikipiki yako ni imara siku hizi.

Ondoa “eti”, “kweli” na alama ya mshangao. “Eti” peke yake humwambia msomaji kila kitu kabla hajafika kwenye “imara”. Katika vipimo vya mawimbi, kejeli imeonekana ikichelewa, karibu milisekunde 600 baada ya neno lengwa (hapa “imara”) kuonekana. Pima basi na “siku hizi”.

Hatua ya 3: Orodha

Tengeneza orodha nne. Kila msomaji aone sura moja tu ya kila sentensi: 6 kwa kila sura ya idadi, kejeli 12, kauli za kawaida 12. Ongeza sentensi 24 za kujaza (zisizopimwa), kila moja na swali lake, uzichanganye.

Hatua ya 4: Wasomaji

Kibali cha kamati ya maadili ya taasisi yako kwanza, kisha usajili UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia la Uganda. Tafuta watu 40, kumi kwa kila orodha. Andika kila mmoja alijifunzia wapi Kiswahili: nyumbani, shuleni, kambini au sokoni. Huko Kampala, kwa wengi Kiswahili ni lugha ya tatu, na msomaji anayehangaika na herufi hatakuonyesha kejeli.

Hatua ya 5: Kusafisha

Tupa muda ulio chini ya milisekunde 100 au juu ya 3,000, geuza uliobaki kuwa logi (logarithmu), na umwondoe aliyekosa zaidi ya robo ya maswali ya sentensi za kujaza. Yale ya “wachache” usiyahesabu hapo. Makosa yake ndiyo data.