Mafuriko ya masika Moshi: kujiandaa, na jinsi ya kuirudisha nyumba baada ya maji

Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani yetu Mei 2024, watu wengi wa Moshi waliniuliza kama wafunge mabati yao kwa waya. Kufunga bati si vibaya, lakini kimbunga kile kilikwisha nguvu huko pwani, upande wa Mafia. Huku kwetu kinachobomoa nyumba ni maji yanayoshuka mlimani. Mimi ni fundi ujenzi, na haya nayaandika baada ya kushughulika na nyumba ya shemeji yangu Mabogini, karibu na mashamba ya mpunga, wiki baada ya wiki.

Hatua ya 1: Angalia mlimani, usiangalie juu ya paa lako

Moshi mjini mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 1,000. Kule juu msituni, upande wa kusini wa Kilimanjaro, inapita 2,000, na maji hayo yote yanateremka kwa mito kama Rau, Njoro na Karanga. Ndiyo maana mto unaweza kujaa usiku ambao kwako halijadondoka tone. Kuanzia Machi hadi Mei sikiliza utabiri wa TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa, kila jioni, na uwe na namba ya ndugu au rafiki anayeishi juu. Akikwambia mfongo wa kwao, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, umefurika, wewe wa chini anza kufungasha.

Hatua ya 2: Kabla ya maji

Hati, vyeti na kadi za kliniki zitie kwenye nailoni mbili, kisha kwenye ndoo yenye mfuniko. Mahindi yapandishe juu. Zibua mtaro wako, na wa jirani pia.

Hatua ya 3: Maji yakija

Zima swichi kubwa ukiwa bado unasimama pakavu. Kama maji yameshakufikia miguuni, usiiguse, toka. Usivuke korongo linalotiririka, kwa miguu wala kwa gari: maji yenye kina cha sentimita 15 yakiwa na kasi yanamwangusha mtu mzima. Aprili 2024 kule Muriet, Arusha, basi la wanafunzi lilisombwa asubuhi likiwapeleka watoto shule. Mtu akinasa, piga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Hatua ya 4: Kutoa tope

Zunguka nje kwanza. Ukiona ufa mpya unaopanda kutoka kwenye msingi, au kona imetitia, usiingie. Kuta za tofali mbichi zilizolowa hadi kiunoni mimi huzibomoa, hata mwenye nyumba akinisihi, kwa sababu udongo ukishalegea hauwezi kubeba paa.

Tope litoke lingali bichi. Likikaa siku tatu za jua utalikata kwa sululu, na sakafu itaondoka nalo. Anza chumba cha ndani kabisa, uje nalo hadi mlangoni. Tumia chepe bapa na toroli. Reki inakupotezea siku nzima. Vaa gambuti na glavu, maana tope hilo limepitia vyooni. Na usilimwage mtaroni.

Hatua ya 5: Kukausha ukuta

Hapa ndipo nilipokosea, na familia yenye watoto wanne ikaumia kwa kosa langu. Wiki ya pili shemeji aliniambia, "Shemeji, ukuta si umeshakauka? Watoto wamechoka kulala kwa watu." Nikaugusa, kiganja kikatoka kikavu. Nikapiga lipu, nikapaka rangi ya mafuta. Kabla mwezi haujaisha rangi ilivimba malengelenge, ukiyabonyeza yanatoa maji, na chini ya dirisha ukatoka unga mweupe wa chumvi. Nikabandua kila kitu na kuanza upya.

Tofali la kuchoma hunywa maji hadi ndani. Uso unakauka kwa siku chache, moyo wake unabaki umelowa kwa wiki nyingi. Kwa hiyo:

Gonga lipu ya zamani kwa kifundo cha kidole. Inayolia kama debe tupu imeshaachana na tofali, ibandue. Hata isiyolia, ibandue hadi sentimita 30 juu ya alama ya maji, kwa sababu unyevu hupanda. Kama ukuta una rangi ya mafuta, ikwangue, la sivyo umeufunika ukuta nailoni. Madirisha na milango ya pande zote mbili iwe wazi mchana, upepo upite. Makabati yakae mbali na ukuta. Usiwashe jiko la mkaa ndani ili kuharakisha: moshi wake usioonekana unaua watu usingizini, na joto lenyewe linakausha uso tu.

Kisha pima. Kata nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita. Fagia vumbi ukutani, bandika nailoni pande zote nne kwa tepu pana, bila kuacha upenyo, uiache siku nzima na usiku wake. Matone yakiwa upande wa ndani, unaotazama ukuta, subiri wiki nyingine. Yakiwa upande wa chumbani, huo ni unyevu wa hewa, fungua madirisha zaidi. Pima karibu na sakafu na tena usawa wa kiuno, na usipime ukuta wa nje unaopigwa jua, utakudanganya. Nyumba ya shemeji nailoni ilitoka kavu mara ya nne.

Baada ya hapo ndipo upige lipu, na juu yake chokaa. Nasisitiza chokaa, angalau hadi masika ijayo. Inaruhusu ukuta kupumua, na ni rahisi kurudia.

Hatua ya 6: Maji ya kunywa na chakula

Kisima kilichoingiliwa na mafuriko usinywe maji yake hadi kitakaposafishwa na kutiwa dawa. Wakati huo chemsha maji hadi yatokote kwa dakika moja kamili. Kwa miinuko ya Moshi na Arusha inatosha. Mahindi yaliyolowa usiyaanike ukasage. Yanaota ukungu wenye sumukuvu, na sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa.

Hatua ya 7: Umeme

Huu uwe wa mwisho. Kila soketi iliyozama ifunguliwe na fundi umeme mwenye leseni. Kwa shemeji tulikuta tope limekauka ndani ya soketi ya sebuleni, limeshikamana na nyaya zote tatu. Mita ya LUKU ikiwa imelowa, usiifungue wewe wala fundi wako, toa taarifa TANESCO.