Somo: Kumfundisha kijana wa miaka 12 hadi 15 kuchambua kifungu neno kwa neno

Ni kazi ya kipindi kimoja cha dakika 40. Andaa kifungu kimoja kisichozidi maneno 200. Ukitoa hadithi nzima, kijana atakimbilia kusimulia upya yaliyotokea, maana kusimulia ni rahisi kuliko kuchambua. Acha nafasi kati ya mistari, pambizo pana, na weka nambari kila mstari wa tano. Bila nambari, nusu ya kipindi itaishia kwenye "wapi, mwalimu?"

Hapa natumia kifungu kifupi mno, cha kuonyeshea tu:

"Mama aliporudi, sahani ilikuwa imevunjika. Sudi alikuwa akifagia. 'Paka huyu!' alisema, kabla hajaulizwa."

Hatua ya 1: Kusikiliza (dakika 5). Soma kwa sauti, penseli zikiwa chini. Wachache waseme kwa sentensi moja kilichotokea. Maneno magumu yaelezwe sasa. Asiyejua maana ya neno hawezi kuona kwa nini limechaguliwa. Dhamira isiguswe bado.

Hatua ya 2: Alama (dakika 10). Kila mmoja apige mstari mahali patano tu: neno lililorudiwa, lililomshangaza, au lisilokaa sawa. Kila alama iwe na swali pambizoni. Asiye na swali afute alama.

Hatua ya 3: Kubadilisha neno (dakika 15). Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukueni neno moja, mweke jingine, kisha muulizane kimepotea nini. "Imevunjika" iwe "imevunjwa". Imevunjwa inadai mvunjaji. Imevunjika inamficha, kana kwamba sahani imejimaliza yenyewe. Sasa ondoeni "kabla hajaulizwa": kosa linabaki la paka. Yarudisheni maneno hayo mawili, na Sudi anakuwa mshukiwa. Kiswahili kinalisaidia sana zoezi hili, kwa kuwa kiambishi kimoja hugeuza mtazamo wote: mzee, kizee, jizee. Ukishauliza, hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kuongeza neno. Walimu wengi hujijibu wenyewe kwenye mbili.

Hatua ya 4: Kuandika (dakika 10). Dai, ushahidi, maelezo. Ushahidi usizidi maneno sita ya kifungu. Kwa mfano:

"Sudi anaogopa kulaumiwa. Anamtaja paka 'kabla hajaulizwa'. Aliyetulia husubiri swali. Yeye alikuwa ameshajiandalia utetezi."

Kinachoharibika mara nyingi ni sentensi ya tatu. Wanaandika "Hii inaonyesha kwamba Sudi anaogopa kulaumiwa", yaani dai lilelile limevaa koti. Dawa yake: maneno makuu ya dai yasirudi kwenye maelezo. Kosa la pili ni kutaja tamathali, yaani mapambo ya lugha kama tashbihi (kufananisha kitu na kingine), na kuishia hapo. "Mwandishi ametumia tashbihi" haistahili alama hata moja mpaka mwanafunzi aseme tashbihi hiyo inafanya nini mahali pale. Mimi ningeyaweka kando majina ya tamathali kwa vipindi vitatu vya mwanzo.

Maswali ya walimu

*Darasa limegawanyika: wengine wanasema Sudi ni mwongo, wengine paka kweli kavunja. Alama nimpe nani?*

Wote wawili, mradi kila mmoja ashike neno. Upande wa paka una hoja nzuri kuliko inavyodhaniwa: Sudi kasema "huyu", si "yule", kwa hiyo huenda paka yupo palepale. Upande wa pili una "kabla hajaulizwa", na kule kufagia, ingawa kufagia peke yake ni ushahidi dhaifu: hata asiye na kosa hufagia vigae. Wa kurudishwa kwenye kifungu ni yule anayeandika "mama ni mkali". Mama hajatamka neno.

*Nina wanafunzi wanaosoma polepole sana. Niwatafutie kifungu chepesi?*

Wape kifupi, si chepesi. Kata maneno 60 hadi 80 ya kifungu kilekile, wafanye hatua ya 3 pamoja na wenzao. Kifungu kilichorahisishwa mara nyingi kimeshanyofolewa yale maneno ya kuchambua.

*Wanapiga mstari ukurasa mzima hata nikisema patano.*

Wanyang'anye penseli hadi waseme swali kwanza.

*Hatua hizi zinafaa kwa shairi la mizani na vina?*

Zinafaa, ila hatua ya 1 isomwe mara mbili. Kwenye kubadilisha neno, waambie neno jipya lilinde mizani, yaani idadi ya silabi. Kama kipande (sehemu ya mstari) kina mizani 8, kibaki na 8. Neno likiwa mwisho wa kipande, lilinde na kina pia, yaani silabi ya mwisho inayofanana na ya mistari mingine. Wakilikosa la kulingana nalo, waulize: mshairi alilitaka neno hili kwa maana yake, au kina kilimbana? Majibu ya swali hilo yaandikwe pambizoni, maana hubadilika wakifika ubeti wa pili.