Somo: Lavenda ya chupani, kwa wanaotafuta asidi ya rosmariniki (kemikali ya mmea inayozuia uoksidishaji)

Swali la namna ya kuzalisha lavenda kwa tishu, yaani kukuza vipande vya mmea ndani ya chupa safi, linarudi kila mara, na nimechoka kulijibu vipande vipande. Atakayeuliza tena ataelekezwa hapa.

1. Tunza mmea mama wa Lavandula angustifolia chini ya paa, ukimwagilia shinani tu.

2. Tengeneza chakula cha vipande hivyo, kiitwacho MS, yaani fomula ya Murashige na Skoog ya 1962, kwa sukari gramu 30 na aga (unga wa mwani wa kugandisha) gramu 8 kwa lita, pH 5.8, kisha kipitishe kwenye mvuke wa presha wa nyuzi 121 kwa dakika 20.

3. Safisha vipande vya ncha za matawi na vya majani. Jani la lavenda limejaa vinyweleo, na ukilizamisha majini utaliona likimetameta kwa sababu hewa imenaswa katikati yake; penye hewa dawa haifiki, na hapo ndipo ukungu hujificha. Osha kwa maji yanayotiririka na tone la sabuni, tumbukiza kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa sekunde 30, imwage yote, kisha tia jiki iliyopunguzwa hadi hipokloraiti asilimia 1 kwa dakika 10, ukitikisa mpaka mng'ao ule uishe. Suuza mara tatu kwa maji yaliyotakaswa. Usichanganye kamwe spiriti na jiki, kwani mchanganyiko huo hutoa kemikali zenye sumu. Wala usizidishe muda kwa kudhani usafi utaongezeka: ncha iliyopauka imekufa.

4. Kwa miche, panda ncha kwenye chakula chenye BAP kidogo (homoni ya kuchipusha), kwa nyuzi 25 na mwanga wa saa 16, kisha ihamishie kwenye chakula chenye IBA (homoni ya mizizi) ipate mizizi. Kwa asidi ya rosmariniki, panda vipande vya jani vitoe kalusi (bonge la seli zisizo na umbo la mmea), halafu uikuze ndani ya chakula cha majimaji kinachotikiswa.

Maswali ya wanachama

*Muheza:* Mwalimu, jiki ni kiasi gani?

Soma hatua ya 3.

*Pangani:* Naweza kuwauzia wagonjwa wa sukari asidi hiyo kama dawa?

Hapana. Kipimo cha DPPH, ambacho hutumika kupima asidi kama hii, huonyesha nguvu ya kuzuia uoksidishaji ndani ya mrija wa maabara, wala hakithibitishi tiba. Sikuandika popote kwamba inatibu.

*Lushoto:* Shikamoo mwalimu. Kalusi yangu imestawi lakini hainukii. Je, nimeharibu?

Marahaba, mwanangu. Hujaharibu. Linalool na mafuta mengine yanayonukia hukaa ndani ya vinyweleo vyenye tezi, ambavyo kalusi kwa kawaida haina, ilhali asidi ya rosmariniki hutengenezwa na seli zenyewe kutokana na asidi amino ziitwazo fenilalanini na tairosini. Basi usipime kazi yako kwa pua. Seli zikishaongezeka, jaribu kutia methili jasmoneti (homoni ya mmea ya kujikinga) kidogo sana, kwa kuwa seli huipokea kama dalili ya kushambuliwa na mara nyingi huongeza asidi hiyo. Acha chupa nyingine bila kuitia, upate cha kulinganisha. Huko kwenu kuna baridi, hivyo hata miche yako itazoea nje kwa urahisi kuliko sisi wa Tanga mjini.

*Korogwe:* Aga ni ghali. Wanga wa muhogo unafaa?

Unaweza kuchukua nafasi ya sehemu ya aga, dada, lakini chakula hupoteza uangavu na ukungu unachelewa kuonekana. Kisiwe laini, maana lavenda hufyonza maji kupita kiasi, majani yakawa mazito, yenye kung'aa na kuvunjika ovyo. Ukiyaona hayo, ongeza aga na upunguze BAP kabla ya kuhamisha tena.