Pikapu yenye paa la kuinuka

Mimi ni fundi wa vyerehani. Kwetu ni Bombo, Uganda, lakini nusu ya mwezi niko barabarani: Luweero, Karuma, Pakwach, Nebbi, mpaka Arua, nikifuata siku za soko. Miaka mingi nililala gesti. Gesti ya bei ndogo ina kunguni, ya bei kubwa inameza faida, na zote mbili sikupata mahali salama pa kuegesha gari lenye vichwa sita vya vyerehani vya watu. Basi nikajenga sanduku la kulala juu ya bodi ya Hilux yangu, lenye paa linaloinuka nikiegesha na kulala bapa nikiondoka. Nimelijenga mara mbili. La kwanza nililivunja mwenyewe.

Nianze na hilo lililovunjwa, maana kila mtu akisikia paa la kuinuka anawaza nilivyowaza mimi: nguzo nne kwenye kona, bomba ndani ya bomba, unasukuma juu halafu unatia pini. Siku ya kwanza uwanjani lilipanda kama mchezo. Baada ya safari moja ya barabara ya udongo mwekundu, vumbi liliingia katikati ya mabomba, likachanganyika na umande, likawa saruji. Nguzo ya kushoto ikagoma, ya kulia ikapanda, paa likakaa upande kama droo ya kabati lililolowa mvua. Usiku ule nililala kwenye kiti cha dereva, usukani tumboni.

Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja: paa lifunguke kama kifuniko cha sanduku, kwa bawaba upande mmoja tu. Na bawaba ziwe mbele, nyuma ya kebini, mdomo ufunguke nyuma. Ukizigeuza, siku komeo likilegea ukiwa unakwenda kasi, upepo utaingia chini ya paa na kulinyanyua. Bawaba zikiwa mbele, upepo unalibana paa chini.

Pima bodi yako mwenyewe, usiazime vipimo vyangu. Yangu ya kebini moja ina urefu wa mita 2.28 ndani na upana wa mita 1.5, lakini katikati ya matumbo ya matairi, yale matuta ya bati yanayoyafunika kwa ndani, ni mita 1.1 tu. Hapo ndipo wengi wanapokosea, wanatandika godoro sakafuni na kulala wamebanwa kama dagaa. Mimi niliweka jukwaa la plaiwudi la milimita 12 juu ya matumbo hayo, nikapata upana wote wa kulala, na chini yake pakawa stoo ya vifaa. Kuta za sanduku zimepanda mpaka sentimita 10 juu ya paa la kebini, si zaidi. Ukizidisha, unasukuma ukuta wa upepo kutoka Kampala hadi Arua na mafuta unanunua wewe.

Fremu ni mabomba ya mraba ya inchi moja, unene wa milimita 1.5. Mita moja ina uzito wa kilo 1.1 hivi, kwa hiyo mabomba manane ya mita sita ni kama kilo 53. Fundi wa kuchomelea alitaka kutumia ya inchi mbili ili "lidumu". Nilikataa. Hilux inabeba karibu tani moja, kweli, lakini vyerehani vyangu ni chuma cha kusubu, na kila kilo ya sanduku ni kilo ya mzigo uliyoiacha nyumbani. Kuta ni plaiwudi ya milimita 6, nje nikapiga bati laini kwa ribiti. Paa lote, fremu, plaiwudi nyembamba na bati, halifiki kilo 40, na mtu mmoja analinyanyua kwa mkono.

Kuchomelea nilifanyiwa Katwe, mtaa wa mafundi wa chuma Kampala. Ukiongea Kiswahili Katwe watu wanadhani umetoka kambi ya jeshi. Fundi aliniita "afande" tangu siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na mimi sikumsahihisha kwa sababu kazi ilikuwa inakwenda upesi. Mwambie asizungushe moto sehemu moja kwa muda mrefu, achome nukta kwanza kwenye kona zote nne, apime mshazari kwa mshazari, ndipo amalizie. Mishazari miwili isipolingana, paa halitafunga kamwe, hata ulipige nyundo. Viungo vyote vipigwe rangi nyekundu ya kuzuia kutu kabla ya plaiwudi, si baada.

Za kuinulia nilitafuta kwenye vyuma chakavu Kisenyi, Kampala hapo hapo: shoki za gesi za mlango wa buti, mbili zinazofanana. Ubavuni zimeandikwa namba, kama 400N. Gawanya kwa kumi upate kilo inazosukuma, takriban. Usitegemee zikuinulie paa likiwa limefungwa. Hapo zimelala, hazina mkono wa kusukuma. Utanyanyua mwenyewe shubiri mbili, kisha utazihisi zinapokea. Na usilale chini ya shoki peke yake. Za mitumba zinavuja polepole, na usiku wa baridi zinapungua nguvu. Weka vyuma viwili vya kuegemeza, kimoja kila upande, vyenye pini.

Sasa turubai la kuziba uwazi paa likiinuka, na hapa naomba unisikilize kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Achana na lile la plastiki la kufunikia maharage. Halipumui. Watu wawili wakilala ndani, alfajiri linadondosha jasho lao wenyewe. Tafuta turubai zito la pamba, la mahema. Paa langu linafunguka mita moja kwa nyuma, kwa hiyo nilikata vipande vitatu: pembetatu mbili za ubavuni na mstatili mmoja wa nyuma. Acha sentimita 5 za ziada kila ukingo. Mshono ni ule wa mguu wa jinzi, kingo zimekunjwa ndani ya kila mmoja na kupigwa mistari miwili, maji hayapati njia. Cherehani ya kanyagio ya kawaida inaweza, ukiweka sindano namba 18, uzi wa poliesta, na hatua ndefu ya milimita 4. Kwenye kona, ambako tabaka zinafika nane, ondoa mguu kwenye kanyagio, zungusha gurudumu kwa mkono. Ukikanyaga kwa haraka utavunja sindano, na kipande chake kinaruka jichoni.

Usiogope matundu ya sindano. Ukimaliza, lifunge turubai mahali pake, ulimwagie maji likolee kabisa, uliache likauke, urudie. Nyuzi za pamba zinavimba na kuziba matundu. Mara ya kwanza litavuja, usilie. Madirisha nilikata mawili, nikashonea wavu wa mbu ndani na kifuniko nje.

Turubai linakazwa kwenye fremu kwa ubapa wa chuma na ribiti kila sentimita 10. Halafu katikati ya kimo chake, kwa nje, zungusha mpira uliokatwa kwenye tyubu, ule wa kufungia mizigo kwenye bodaboda. Paa likishuka, mpira unalivuta turubai ndani. Bila huo utalibana kila asubuhi mpaka litoboke.

Vumbi sasa. Mvua niliishinda wiki ya kwanza, vumbi lilinisumbua mwaka mzima. Niliziba mlango wa nyuma kwa mpira wa milango ya gari, mara mbili, bado shuka zilikuwa nyekundu. Gari likienda, nyuma yake hewa inapungua, na vumbi linanyonywa kupitia kila ufa. Dawa ilikuwa kutoboa, si kuziba: tundu pana kama kiganja kwenye ule ukuta wa mbele ulio juu ya kebini, lenye kifuniko cha kutelezesha na sponji ya kuchuja. Upepo wa mbele unajaza sanduku, hewa inatoka nyuma badala ya kuingia. Mvua ikinyesha, funga.

Makomeo yafunguke kutoka ndani. Tukiwa Nebbi, mpwa wangu aliamka mapema, akaona mlango uko wazi kidogo, akanifungia kwa heshima zote na kwenda kutafuta chapati. Nikabaki ndani nikigonga bati, na wateja wawili nje wakibishana kama kuna mbuzi.

Sigiri ibaki nje, hata kama imebaki makaa mawili tu ya kupasha joto. Moshi usioonekana wa makaa unaua mtu usingizini, na sanduku hili ni dogo kuliko chumba chochote. Na karibu na Karuma usiegeshe ukaacha paa wazi hata kwa dakika za haja ndogo. Nyani wa pale wanaijua pikapu kuliko trafiki.

Sanduku limeshikwa kwa bolti nne za milimita 12, chini ya bodi kuna vipande vya chuma bapa ili zisipasue bati, na katikati nimelaza mpira. Baada ya kilomita 100 za kwanza zikaze tena, zitakuwa zimelegea. Na ukifunga paa turubai likiwa bichi, lifungue jioni hiyo hiyo likauke. Mimi nilifika Bombo nimechoka, nikaliacha siku nne. Kona ya kushoto, juu ya mto, mpaka leo ina madoa meusi.