Gauni la lateksi: jinsi ya kulivaa, kutoka nalo usiku na kulitunza lisikufie mapema

Naanza na mafuta, maana hapo ndo wengi wetu tunapoharibia. Sisi tumelelewa na mafuta jamani, mtoto akitoka kuoga anapakwa Vaseline mpaka magoti yang'ae ndo aende shule, ukikua unahamia mafuta ya nazi, na ngozi ikipauka mama anakuuliza kwani nyumbani mafuta yameisha? Sasa lateksi ni mpira, mpira wa mti kabisa, unatokana na utomvu mweupe kama ule unaogemwa kwenye mashamba ya Kihuhwi kule Muheza, na mpira haukai na mafuta. Unayanywa, unavimba, unalegea, mwisho unachanika bila hata kuvutwa kwa nguvu. Mafuta ya nazi, Vaseline, losheni, shea, mafuta ya kujikinga na jua, yote hayo ni sumu kwa gauni lako, na kusema nimepaka kidogo tu haisaidii.

Nasema hivi kwa sababu yalinikuta. Gauni langu la kwanza lilikuwa jekundu, nililitamani tangu nilipomuona Beyoncé kwenye Met Gala ya 2016, ile hafla ya mitindo ya New York, na lile lake la lateksi la Givenchy, nikadunduliza miezi kadhaa hapa London mpaka nikalipata. Siku ya kulivaa nikaoga, nikajipaka mafuta ya nazi kama kawaida, nikasubiri yaingie mwilini, nikavaa, usiku mzima likakaa vizuri, picha nikapigwa, nikarudi nikalitundika. Wiki iliyofuata nalitoa nakuta mgongoni karibu na zipu mpira umefanya mawimbi, umevimba na unanatanata, nikaubonyeza kwa kidole nione vipi, kidole kikatokea upande wa pili. Niliumia sana.

Kabla hujatoa hela yako, jijue kwanza kama mwili wako unapatana na mpira. Kama ukivaa glavu za mpira au ukipuliza puto unawashwa, unatoka vipele, midomo inavimba au kifua kinabana, achana nayo kabisa, hii siyo ya kujaribu uone, aleji ya mpira inaweza kumfikisha mtu pabaya. Wengine wenye aleji hiyo wanasumbuliwa pia na ndizi au parachichi, kwa hiyo kama ukila hivyo unawashwa mdomo, ongea na daktari kwanza.

Kwenye kununua chukua tepu upime kifua, kiuno na hipsi, usibahatishe kwa saizi ya nguo zako za kawaida. Magauni mengi yana unene wa kama milimita 0.4, kuna na nyembamba za 0.25 ambazo ni tamu mwilini ila zinachanika haraka, kwa anayeanza mi sishauri.

Siku yenyewe ukioga jifute ukauke vizuri na usipake kitu. Nywele na mekapu maliza kwanza, manukato pia jipulizie mapema yakauke kabla hujavaa, na kama we ni mtu wa kujifukiza udi basi jifukize mwenyewe, gauni usilitandaze juu ya chetezo kama tunavyofanya na khanga, moto na mpira hapana. Pete, bangili na saa vua vyote. Kucha ndo hatari kubwa, zikiwa fupi zipige tupa mpaka ukizipitisha kwenye soksi nyembamba zisikwame, zikiwa za bandia na ndefu vaa glavu za pamba au muombe shoga yako mwenye kucha fupi akuvishe.

Mpira mkavu haupandi kwenye ngozi kavu, unang'ang'ania hapohapo, kwa hiyo unahitaji kitu cha kuutelezesha. Viko viwili, poda ya kawaida isiyo na manukato, au silikoni ya majimaji inayouzwa kwa ajili ya lateksi. Silikoni ukiishika utasema ni mafuta maana inateleza vilevile, ila yenyewe mpira hauinywi, soma tu chupa uhakikishe ni silikoni tupu. Mi natumia silikoni kwa sababu poda kwenye gauni jeusi inaacha alama nyeupe, na ukitoka jasho inafanya kama uji. Mimina kiasi cha kijiko kimoja ndani ya gauni, lisugue ndani kwa ndani mpaka lote lipate, kingine jipake kwenye mapaja na hipsi. Halafu fungua zipu mpaka mwisho, likunje kama unavyokunja soksi ndefu, ingiza miguu, panda nalo taratibu. Usivute kwa kushika ukingo, ukingo ndo unaochanika, shika kwa kiganja kizima na nyama za vidole, sogeza kidogo upande huu, kidogo upande ule, kama linakataa tulia uongeze silikoni. Zipu nayo haivuti mpira, mtu akusaidie kushika pande mbili za mgongo azilete pamoja ndo zipu ipande, ukilazimisha inang'oka pale ilipogundishwa. Chupi iwe isiyo na mishono maana kila mstari unaonekana.

Ukishavaa utashangaa mbona haling'ai, limefifia kama puto lenye vumbi. Mng'ao unaupaka, chukua silikoni kidogo kwenye kitambaa laini kisichotoa nyuzi au kwa kiganja chako, futa juu mpaka uone taa ya chumba kifuani kwako. Hii kazi nzuri kuliko zote, usiifanye kwa haraka. Ila simama juu ya taulo kuukuu, matone yake sakafuni yanateleza vibaya, mtu anaweza kuvunjika.

Huko nje kuna mambo mawili, joto na vitu vya kugusa. Lateksi haipitishi hewa, jasho halina pa kwenda, ukicheza masaa mawili unasikia maji yanashuka mgongoni, hiyo kawaida. Kunywa maji mengi kuliko ulivyozoea, na ukisikia kizunguzungu toka nje, fungua zipu kidogo, kaa chini, usione aibu. Halafu ukitoka klabu na jasho hilo kwenye baridi ya Januari mpira unapoa papo hapo na we unapoa nao, koti refu ni lazima. Vya kugusa sasa, sigara kwanza, moto ukikugusa kidogo tu shimo hilo. Pili shaba ya aina yoyote. Ukishika sarafu au bangili ya shaba halafu ukashika gauni jeupe, la krimu au la pinki, linatoka doa la kahawia ambalo halitoki tena, na baa nyingi za zamani hapa zina vitasa na reli za shaba, ukivishika nawa mikono kabla hujajishika kiunoni. Kwenye jeusi doa halionekani sana, ndo maana namshauri anayeanza achukue jeusi.

Ukirudi nyumbani najua miguu inauma lakini usilivue ukalitupa kwenye kiti. Ingia nalo bafuni, fungua zipu, ruhusu maji ya uvuguvugu yapite ndani, litashuka lenyewe bila vita. Lioshe hapohapo kwenye beseni kwa sabuni laini kidogo, kwa mkono, suuza mpaka utelezi uishe. Mashine ya kufulia hapana, pasi hapana. Tundika kwenye henga pana ya plastiki, siyo ya waya, likikauka nje ligeuze likauke na ndani. Na wa Dar na Mombasa nawaomba, kamba ya uani msiiguse, jua linaukausha mpira mpaka unapasuka ukikunja, anika ndani kivulini.

Likishakauka lisugue silikoni kidogo au poda ndani na nje lisijigande, liweke kwenye mfuko mweusi wa kitambaa ndani ya kabati, mbali na hita. La rangi nzito lisigusane na la rangi nyepesi, rangi inahama.

Likichanika kidogo acha kulivaa hapohapo, mchaniko unakimbia. Usiguse supaglu, ikikauka inakuwa ngumu kama kioo na pembeni yake panachanika upya. Fanya kama fundi baiskeli anavyoziba pancha: futa silikoni yote kwa spiriti, kata kiraka cha lateksi ya unene uleule na ukizungushe pembe, paka solusheni ya mpira nyembamba kwenye kiraka na kwenye gauni, subiri ikauke mpaka isikushike kidole, kisha bandika kwa ndani ukandamize kuanzia katikati kwenda nje. Liache mpaka kesho yake kabla hujalivuta.