Somo: Kumtafutia mtoto mazoezi ya hesabu mtandaoni, na kuyapima kabla ya kuyaamini

Assalaam aleikum wazazi, walimu na wanafunzi. Likizo ikikaribia, swali huwa ni lile lile: "Nimpe mtoto tovuti gani ya hesabu?" Tovuti ni nyingi na nyingine ni nzuri sana. Ila nawaomba msianze na jina la tovuti. Anzeni na mada inayomshinda mtoto, halafu tovuti yoyote mtakayoipata muijaribu kwanza kwa jibu la makosa. Nitaeleza.

Hatua ya 1: Jua kinachomshinda hasa

Fungua daftari lake na karatasi ya mtihani wa mwisho wa muhula, mkae pamoja. "Hesabu imemkataa" si jibu. Andika mada yenyewe: kujumlisha sehemu ambazo namba za chini hazifanani, au kufungua mabano yaliyotanguliwa na alama ya kutoa. Mara nyingi mambo mawili matatu tu ndiyo yanayovuruga karatasi nzima.

Kwa walio kwenye mtaala mpya, KICD, taasisi ya Kenya inayotunga mitaala, imeweka miundo ya mtaala wa kila gredi kwenye tovuti yake, bila malipo. Hapo utaona mada zote za mwaka. Waliobaki kwenye mtaala wa zamani wa 8-4-4, ambao KCSE yao (mtihani wa kumaliza sekondari) ya mwisho ni 2027, wazijue karatasi zao za hesabu: 121/1 na 121/2, kila moja saa mbili na nusu, alama 100. Sehemu ya kwanza ya kila karatasi ina maswali 16 ya lazima, alama 50. Ya pili ina maswali 8, unachagua 5, kila moja alama 10. Mazoezi yasiyomwandaa mtoto kwa maswali marefu ya alama 10 yanamwandaa nusu.

Hatua ya 2: Tafuta kwa maneno ya daftari lake

Andika mada kwa Kiingereza kama mwalimu alivyoiandika ubaoni, ongeza gredi au kidato. Usiandike "hesabu" peke yake, utaletewa michezo ya watoto wa chekechea.

Pa kuanzia: Khan Academy, iliyotokana na Salman Khan kumfundisha binamu yake kwa mbali mwaka 2004. Ni bure, na mazoezi yake yana vidokezo vya hatua kwa hatua. Kwa grafu na jiometri kuna GeoGebra, nayo bure, ambapo mtoto anaivuta pembetatu kwa kidole na kuona pembe zikibadilika. Kisha karatasi za mitihani iliyopita.

Hatua ya 3: Ipe tovuti jibu la makosa

Hii ndiyo hatua watu wanairuka, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Kabla ya kumkabidhi mtoto simu, jibu swali moja wewe mwenyewe, tena ukosee makusudi, kwa kosa ambalo watoto hulifanya kweli. Mfano: 1/2 + 1/3. Wengi hujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, wanapata 2/5. Andika hiyo 2/5 uone.

Tovuti dhaifu itakuonyesha alama nyekundu na kukupeleka swali linalofuata. Mtoto hatajua amekosea wapi, na kesho atakosea vile vile. Ya wastani itakupa jibu sahihi, 5/6. Iliyo nzuri itakurudisha kwenye hatua: namba za chini zifanywe sawa kwanza, 3/6 + 2/6. Na ukiwa naye, muulize: nusu peke yake si kubwa kuliko 2/5? Umeongezaje kitu ukapata kidogo kuliko ulichoanza nacho? Hapo uso unabadilika, ameelewa.

Hatua ya 4: Yakague majibu yenyewe

Faili za majibu zinazozunguka kwenye simu za wazazi zina makosa mengi. Chukua mlinganyo huu: 3 − 2(x − 4) = 1. Kuna aliyefungua mabano akaandika 3 − 2x − 8 = 1, akapata x = −3. Irudishe hiyo −3 mahali pa x: ndani ya mabano ni −7, na jumla inakuwa 17, si 1. Njia sahihi ni 3 − 2x + 8 = 1, x = 5. Rudisha 5: 3 − 2 = 1. Kagua majibu matatu ya faili namna hiyo. Moja likikosea bila maelezo, futa faili.

Hatua ya 5: Mengine ya haraka

Maswali ya Marekani yana futi, galoni na sarafu za dime. Mtoto wa Likoni anakwama kwenye dime, si kwenye hesabu. Mchagulie yenye mita na lita. Tovuti ikidai namba ya simu au picha ya mtoto ndipo ifunguke, iache. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa data za mtoto. Na kila swali lifanywe kwa kalamu kwenye karatasi kwanza, simu iwe ya kusahihishia.

Maswali ya wanachama

Mzazi, Kisauni: Mwalimu, bando linaisha kabla ya wiki.

Kinacholimaliza ni video, mama, mazoezi yenyewe hula kidogo. Ubora wa video ushushe hadi 144p au 240p. Faili za PDF zipakue mara moja saiba na uzichapishe. Shuleni kwenu waulizeni kuhusu Kolibri, programu ya bure inayobeba masomo na kufanya kazi bila intaneti.

Mwanafunzi wa Kidato cha 3, Likoni: Photomath, ile programu ya kupiga picha swali ikakuonyesha hatua, inafaa?

Inafaa baada ya kujaribu mwenyewe, mwanangu. Piga picha swali ulilokwama, soma hatua moja tu, funga simu, umalizie. Kwenye KCSE alama nyingi ni za njia. Jibu tupu halikupi alama zote.

Mwalimu wa sekondari msingi, Changamwe: Wanafunzi wangu wamo kwenye vikundi vya Telegram vinavyouza "karatasi ya mwaka huu".

Mwalimu mwenzangu, watoe humo leo. Ni pesa za wazazi zinazoliwa, na mtoto anaacha kusoma akingoja karatasi. Wape karatasi za miaka iliyopita, zinapatikana bure.

Mama, Mji wa Kale: Mimi hesabu niliiacha zamani. Nitaipimaje tovuti?

Dada, huhitaji kuijua hesabu yote. Chukua makosa haya matatu, yaandike kwenye tovuti uone inavyokujibu. Gredi ya 5 au 6: 1/2 + 1/3 = 2/5. Desimali: 0.35 ni kubwa kuliko 0.4. Sekondari: (x + 3)² = x² + 9, ambayo jibu lake ni x² + 6x + 9. Ikikueleza kosa lako ukaelewa wewe, mpe mtoto.